Kitochi, kuibana simu, kuminya bando au kufuta akaunti: ipi inakufaa kama mitandao imekuzidi?

Hili swali linarudi kila mara, hasa mwaka ukianza na tukikaribia Ramadhani au Kwaresima. Mtu amechoka, anaamka na simu analala na simu, ukimuuliza jana kuanzia saa mbili usiku mpaka saa sita alikuwa anafanya nini hana jibu zaidi ya "nilikuwa naperuzi tu". Anataka kupunguza, ila kila anayemuuliza anampa dawa yake: huyu anasema nunua kitochi, yaani simu ndogo ya batani, yule anasema weka taima, mwingine futa Insta na TikTok uone raha, na mwingine anamwambia wewe acha tu kujiunga bando yataisha yenyewe. Kiukweli zote zimewasaidia watu na zote zimewashinda watu, kwahiyo hapa naziweka pamoja uzipime na maisha yako wewe, sio maisha ya aliyekushauri.

Tuanze na vipimo, maana bila vipimo utachagua kwa hasira, na ukichagua kwa hasira wiki ya pili umerudi kulekule.

Kipimo cha kwanza ni gharama, ya kuanza na ya kuendelea. Cha pili ni malipo na mambo ya lazima: kutuma pesa, kununua umeme, kulipia control number, kazi. Cha tatu ni watu wako, yaani familia, kikoba, jumuiya, darasa la mtoto. Cha nne ni nguvu ya hiyo njia saa nne usiku ukiwa umechoka na umeudhiwa na siku nzima, kwa sababu saa nne asubuhi kila mtu ana nidhamu. Cha tano ni kurudi nyuma, ukishindwa au ukiihitaji tena unapoteza nini.

Hapo kwenye nguvu wengi wanajilaumu bure. Ile kurasa isiyoisha, unavuta chini inaleta nyingine na nyingine, ilibuniwa 2006 na Aza Raskin, na mwenyewe baadaye amesema hadharani kwamba anajutia. Zamani ulikuwa unafika mwisho wa ukurasa, unabonyeza kwenda mbele, na pale kati kichwa kinapata nafasi ya kujiuliza naendelea au nalala. Sasa hiyo nafasi imeondolewa makusudi, maana hizi kampuni zinauza matangazo na ukikaa zaidi ndio unaona matangazo zaidi. Wewe unapambana na watu waliosomea kazi hiyo, kwahiyo usijiite mvivu, tafuta njia inayokubeba hata siku ambayo huna nguvu.

Na hapo kwenye watu ndipo ushauri mwingi wa kutoka nje unapotukwama. Marekani watu wengi bado wanatumiana meseji za kawaida na shule inamwandikia mzazi barua pepe, akikata WhatsApp maisha yanaendelea. Kwetu sisi taarifa ya msiba inawekwa kwenye grupu la ukoo, kamati ya harusi inakaa humo, kikoba kinapeana taarifa humo, mwalimu wa darasa la tatu anatuma hesabu za homework humo humo. Ukitoka kimyakimya watu hawasemi umepunguza mitandao, wanasema umejitenga. Sio jambo dogo hilo, na mtu asikudharau ukilipa uzito.

Halafu kabla hujachagua chochote fungua settings uangalie. Kwenye Android ni Digital Wellbeing, kwenye iPhone ni Screen Time, zote zilikuja 2018, zitakuonyesha kila apu imekula saa ngapi na umefungua simu mara ngapi kwa siku. Angalia siku za kazi na wikiendi. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaosema "WhatsApp inanimaliza" kumbe ni YouTube, na wapo wanaofuta TikTok kumbe shida yao ni kuchungulia simu kila dakika tano kuona kama kuna mtu kaandika. Hizo shida mbili hazitibiwi na kitu kimoja.

KITOCHI

Kitochi, kiswaswadu, wenzetu Kenya wanaita mulika mwizi au kabambe. Gharama yake ni ndogo, vingi vinapatikana chini ya elfu 50, chaji inakaa siku kadhaa, na bando la intaneti huhitaji tena, unabaki na la dakika na SMS.

Kwenye malipo watu wanaogopa bila sababu. M-Pesa ilianza Kenya 2007 na kwetu Tanzania 2008, wakati mikononi mwa watu kulikuwa na vitochi, ndio maana mfumo mzima ulijengwa juu ya menyu za nyota na reli. *150*00# ya M-Pesa inafanya kazi, *150*60# ya Airtel Money inafanya kazi, Kenya *334# inafanya kazi, CRDB na NMB nao wana menyu zao, umeme wa LUKU unanunua, control number unalipa, bila hata MB moja. Unachokosa ni vitu vingine: kuita Bolt, ramani, kufungua PDF aliyotuma bosi, kupiga picha risiti ukaituma. Kwa anayefanya kazi ya ofisi au anayeuza vitu onlaini hilo ni pengo kubwa.

Kwenye watu ndio panauma. Na hapa tahadhari, dukani kuna muuzaji atakuambia "chukua hii dogo, ya batani lakini ina WhatsApp". Zile zinazotumia KaiOS, mfumo wa simu za batani zenye intaneti, ndizo zilikuwa na WhatsApp kweli, ila huduma hiyo imefikia mwisho mwanzoni mwa 2025, kwahiyo usilipe pesa ya ziada kwa ahadi hiyo. Pia ujue akaunti ya WhatsApp isipotumika siku 120 kwa kawaida inafutwa, na magrupu yote yanaondoka nayo.

Ndio maana wengi ninaowaona wakidumu na kitochi hawajatupa tachi, yaani simu janja. Laini inahamia kwenye kitochi, tachi inabaki nyumbani au ofisini bila laini, WhatsApp inaendelea kwa namba ileile kwa wi-fi kwa sababu laini inahitajika zaidi wakati wa kusajili, code ikiingia kwa SMS. Mchana uko mtaani na kitochi, jioni unakaa unajibu watu wote kwa mpigo halafu unaiweka. Mwenye haraka anapiga. Mimi hii naiona ndio kitochi inayofaa kwa mazingira yetu, ile ya kuuza tachi kabisa ni ya wachache.

Nguvu yake usiku ni kubwa kuliko zote, hakuna cha kuperuzi hata ukitaka. Kurudi nyuma ni rahisi pia, ila kama tachi ipo chumbani kwenye droo pembeni ya kitanda hujafanya kitu, iweke sebuleni.

Inamfaa ambaye kazi yake ni ya mikono au ya kupigiwa simu, mwanafunzi anayekaribia mtihani, na yule ambaye amejaribu kujibana kwa upole imeshindikana.

KUIBANA SIMU ULIYONAYO

Gharama hakuna, malipo yako palepale, watu wako palepale. Ndio maana kila mtu anaanzia hapa, na wengi wanaishia hapa wakisema haifanyi kazi, kumbe wameweka taima peke yake wakaacha mengine. Taima peke yake ni dhaifu kwa sababu ufunguo unao mwenyewe. Kwenye Android unaingia unaiongeza, kwenye iPhone inakupa kabisa kitufe cha kupuuza. Kama uko iPhone mpe mke, mume au rafiki unayemwamini aweke namba ya siri ya Screen Time bila wewe kuiona, hapo inakuwa na meno.

Zaidi ya taima kuna mambo ambayo yanabeba uzito kuliko watu wanavyodhani. Zima notifikesheni zote isipokuwa simu, SMS na watu wachache wa karibu, na usizime moja moja kwa miezi mitatu, kaa siku moja uzime zote. Magrupu yasiyo ya lazima yanyamazishe moja kwa moja sio kwa wiki, halafu yaweke akiba kwenye arkaivu, tangu 2021 grupu ukiliweka huko linabaki huko hata meseji mpya zikiingia. Yale ambayo hujawahi kuchangia neno, ya matangazo ya viwanja na ya harusi iliyoisha mwaka juzi, toka tu. Tangu 2022 ukitoka wanaoarifiwa ni maadmini, haitangazwi tena kwa grupu zima, hiyo aibu ya "fulani ameondoka" mbele ya mashangazi haipo tena. Stetasi za watu zinyamazishe pia, maana kuna mtu hana TikTok lakini anaangalia stetasi mia kila jioni.

YouTube zima historia ya kutazama na ufute ile ya nyuma. Ukifanya hivyo ukurasa wa mwanzo unabaki mtupu, hakuna mapendekezo, mpaka utafute mwenyewe unachotaka. Kwa mtu wa YouTube hii moja inazidi taima zote. Na rangi ya simu igeuze iwe nyeusi na nyeupe, wengine inawasaidia sana, wengine wanazoea haraka.

Mwisho chaja itoke chumbani. Nunua saa ya alamu ya mezani, chaji simu sebuleni. Hili ndilo ningemwambia mtu yeyote alifanye hata kama hatafanya jingine lolote.

Nguvu yake inategemea shida yako. Kama shida ni kuitwaitwa na simu, njia hii inatosha kabisa na huna haja ya kwenda mbali. Kama shida ni kwamba wewe mwenyewe saa nne usiku unafungua TikTok bila kuitwa na mtu, notifikesheni uzime usizime haitakusaidia, nenda njia nyingine. Kurudi nyuma hupotezi chochote, na huo ndio udhaifu wake pia.

KUMINYA BANDO

Hii ndio ya kwetu, watu walikuwa wanaifanya kabla hata haijaitwa kupunguza mitandao: data imezimwa, unawasha ukiwa na shida, unazima. Au unajiunga kifurushi kidogo cha siku, kikiisha kimeisha.

Inafanya kazi kwa sababu kinachokula bando ni video, meseji za WhatsApp za maandishi zinatumia kidogo mno, kwahiyo bando dogo linakuruhusu kuongea na watu na kufanya kazi ndogondogo huku likikunyima kukesha. Unapata unachohitaji, unanyimwa kile kinachokula muda.

Lakini kwenye gharama ina mtego. Vifurushi vidogo kwa kawaida MB moja inakutoka ghali kuliko kwenye kifurushi cha mwezi, kwahiyo mtu mwenye kununua cha siku kila siku anaweza kujikuta amelipa zaidi kwa mwezi na kupata kidogo. Upande wa pili, kifurushi kikubwa chenye muda wa kuisha nacho kinakusukuma, usiku wa mwisho umebakiwa na GB mbili unaona ni dhambi kuziacha, unakaa unazimalizia kwa video ambazo hukuzitaka. Nunua ukubwa unaolingana na kazi zako, na zikibaki acha ziishe, pesa ilishatoka kitambo na muda wako ndio bado unao.

Kwenye watu: ukizima data mchana meseji zinasubiri, jioni zinaingia kwa mafuriko, wengine hilo linawachosha zaidi kuliko kuzipata kidogokidogo. Dawa ni kuwaambia mapema watu wa muhimu kwamba ukitaka kunipata haraka nipigie kawaida. Wanaelewa, wengi wao nao wanazima. Wenye ndugu Muscat au Uingereza wapange muda, maana ukiwa umezima data hawawezi kukupata kirahisi na kupiga kwa laini ya kawaida ni gharama.

Nguvu yake ni ya kati. Kinachoiua ni wi-fi ya bure kazini au nyumbani, na ule urahisi wa kujiunga usiku wa manane kutoka kwenye salio la simu, hata kukopa vocha. Mwenye wi-fi nyumbani asipoteze muda na njia hii, labda azime ruta saa fulani na familia nzima ikubali.

Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania, Kenya na majirani siku kadhaa? Jiulize siku zile ulikosa nini kweli na nini hukukumbuka hata kidogo. Ulichokikosa kweli ndicho unachotakiwa kukinunulia bando.

KUFUTA

Hapa watu wanachanganya mambo matatu: kufuta apu kwenye simu, kuizimisha akaunti kwa muda, na kuifuta akaunti moja kwa moja. Kufuta apu hakugusi akaunti, wafuasi wako wapo, picha zipo, unaweza kuingia kwa kivinjari na kule inakuwa nzito na inaudhi kidogo, ndio faida yenyewe. Kufuta akaunti kabisa, Facebook, Instagram na TikTok zinakupa siku 30 za kubadili mawazo, ukiingia ndani ya hizo siku inarudi, zikipita imekwenda. Pakua picha zako kwanza, kuna watu picha za marehemu mama yao ziko Facebook tu.

WhatsApp ni habari nyingine. Ukifuta akaunti ya WhatsApp hakuna siku 30, unatolewa kwenye magrupu yote papo hapo na bakapu inafutwa. Tafadhali usiijaribu kwa hasira za Jumapili jioni.

Gharama hakuna, ila mwenye biashara Insta anafuta duka lake, asifanye, ampe mtu mwingine aendeshe ukurasa au aingie kwa kompyuta tu. Malipo hayaguswi, ila angalia kama kuna mahali unaingia kwa kutumia akaunti ya Facebook, badilisha kwanza. Kwenye watu, wengi wanashangaa kwamba hasara ni ndogo kuliko walivyoogopa, kwa sababu watu wao wa kweli wako WhatsApp na kwenye simu. Kijana ndio anaumia zaidi, maana stori za kijiweni zinaanzia TikTok na yeye hazijui, na matangazo ya kazi mengine yanapita huko huko.

Nguvu yake ni kubwa kwa apu uliyofuta na sifuri kwa nyingine. Unaziba tundu moja panya anapita la pili: umefuta TikTok unajikuta kwenye Reels za Insta, umefuta Insta unajikuta kwenye Shorts za YouTube. Ukiamua kufuta, futa zote za video fupi siku moja na umalize na historia ya YouTube kama nilivyosema juu.

Inamfaa ambaye takwimu za simu yake zimeonyesha apu moja au mbili ndizo zinakula karibu muda wote, na ambaye hapati riziki humo.

Mfungo wa Ramadhani au siku 40 za Kwaresima siuhesabu kama njia ya tano, ni muda mzuri wa kujaribu yoyote kati ya hizi nne, kwa sababu watu wanakuelewa bila maelezo mengi na ukishamaliza unajua nini kilikuwa kigumu. Ukiwa na hofu na uamuzi mkubwa anzia hapo.

Na kuna mtu mmoja ambaye sitaki apite bila kusemwa naye. Anayekaa mtandaoni kwa sababu ya upweke, amehamia mji mpya, amefiwa, ndoa imevunjika, au yuko ughaibuni analea watoto wa watu. Huyu ukimwambia akate kila kitu unamwongezea giza. Apunguze video, abaki na sauti za watu, apige simu zaidi, na kama huzuni ni nzito aongee na mtu wa karibu au mtaalamu kabla ya kuhangaika na simu.

Sasa kwa hali yako.

Kama unaendesha boda au teksi ya apu, kitochi sahau, simu ndio kazi. Ibane: apu ya kazi, simu na ramani ndizo zenye haki ya kulia, na za video fupi zisikae kwenye simu ya kazi.

Kama unauza nguo au vipodozi Insta, tenga saa za kujibu wateja uziandike kwenye ukurasa wako, tumia WhatsApp Business iwajibu salamu ya kwanza, na biashara ikiruhusu weka simu ya biashara mbali na ya kwako. Wateja wanazoea saa za duka hata la mtandaoni.

Kama uko chuo, hosteli, hakuna wi-fi ya maana, minya bando wiki za kawaida, na wiki za mitihani laini ihamie kitochi, grupu la darasa umwombe rafiki mmoja akupigie kama kuna mabadiliko ya ratiba.

Kama uko ofisini na bosi anatuma kazi WhatsApp saa tatu usiku, hakuna njia hapa inayotosha peke yake, ongea naye au na timu mkubaliane kwamba baada ya saa fulani ya haraka inapigwa simu. Baada ya hapo arkaivu na chaja nje ya chumba zinatosha.

Kama usiku ndio unakumaliza na mchana uko sawa, usiguse mchana. Chaja sebuleni na alamu ya mezani, jaribu hiyo kwanza kabla ya kutumia hata shilingi.

Kama una kijana wa sekondari, usitegemee breki za apu peke yake: TikTok tangu 2023 inawawekea walio chini ya miaka 18 kikomo cha dakika 60 kwa siku, lakini mwenyewe anaweza kuweka namba na kuendelea, na kama alidanganya umri hakipo kabisa. Mpe kitochi muda wa shule, tachi aipate wikiendi na likizo sebuleni mkiwepo, na nyie wazazi simu zenu nazo zilale sebuleni, la sivyo hatakubali na atakuwa na haki.